Aliyeleta Maji Ndarugu

Siku ile nilikuwa Ruiru kutengeneza gari la shemeji yangu Bedan. Sikuwa nimeenda kutafuta mambo mengine.

Bedan alikuwa amemwoa dada yangu Ndila. Alichuuza mboga na makaa, na mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na saba akanunua gari kuukuu la kijani, lenye kibanda cha mbao nyuma. Aliyemuuzia alisema tu kwamba lilikuwa la marehemu ndugu yake. Gari lilivuta vizuri, lakini lilikunywa maji. Kila likitoka Ruiru kwenda Thika, lilichemka kabla ya daraja la mto Ndarugu. Ukifungua rejeta, unakuta imekauka.

Mimi ni Munyao, mtu wa Gatuanyaga, na kazi yangu ilikuwa ufundi wa magari pale Thika. Nililipekua gari lile mchana kutwa. Nilishika mipira yote ya maji, haikuwa na ufa. Pampu haikudondosha. Nikachomoa kijiti cha oili nikitafuta ile rangi ya chai ya maziwa, maana maji yakiingia kwenye oili hujionyesha hivyo. Oili ilikuwa safi. Plagi kavu. Moshi haukuwa mweupe. Nikafunika rejeta kwa gunia, nikaiacha injini ingurume uani mpaka ikawa moto kabisa. Nilipoizima, ikapoa, nikafungua... maji yalikuwa pale pale.

Nikamwambia Bedan kwamba maji hayapotei bila njia. Njia ipo, ila hatujaiona.

Jua lilikuwa linashuka Ndila alipotoka nje ameshikilia mlango. Uchungu ulikuwa umemwanza mapema kuliko tulivyotarajia. Mama jirani aliyekuwa mkunga akampapasa tumbo, akatuambia mtoto amekaa vibaya, tumkimbize hospitali ya Thika. Yeye mwenyewe hakukubali kuja. Siku hizo kafyu ya mkoloni ilikuwa bado, na giza likishaingia barabara haikuwa ya mtu mweusi.

Hatukuwa na gari lingine.

Tulimlaza Ndila nyuma, juu ya godoro. Mimi nikaketi mbele na Bedan, kwa sababu kwetu kaka hakai na dada yake katika hali ile. Tukabeba debe moja la maji.

Debe hilo tulilimimina lote tulipopita Juja. Nilisikia maji yakishuka ndani ya rejeta, gulu... gulu... kama mtu mwenye kiu ya siku nyingi. Tukaondoka. Sindano ya joto ikaanza kupanda tena. Ikapanda. Ikapanda. Kulia na kushoto kulikuwa na mkonge mtupu. Kabla ya daraja, mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti na gari likasimama lenyewe.

Bedan alichukua debe akateremka kwenye mkonge, kuelekea mtoni.

Nikabaki peke yangu na Ndila. Nilifungua boneti, nikazungusha kitambaa kwenye kifuniko cha rejeta, nikakilegeza polepole. Harufu haikuwa ya kutu wala ya mpira ulioungua. Ilikuwa harufu ya matope ya mtoni. Nyuma nilimsikia dada yangu akiguna, kisha akanyamaza. Nilimwita. Hakuitika. Nikawaza nimwendee, nikasikia nyayo kwenye nyasi.

Mtu alipanda kutoka mtoni na debe begani.

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, nikadhani ni Bedan. Nikashangaa amerudi upesi hivyo. Alipita mbele yangu bila kunitazama, koti lake likichuruzika maji. Akainamisha debe juu ya rejeta.

Fundi yeyote anajua. Ukimwaga maji baridi kwenye rejeta inayochemka, inalia, inakurushia mvuke usoni.

Haikulia.

Maji yaliingia kimya, mpaka yakafurika juu. Yule mtu akaweka debe chini, akazunguka kwenda nyuma ya gari. Nikasikia sauti ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Wangeci... nimechelewa?"

Dada yangu haitwi Wangeci. Lakini sauti ya mwanamke ilijibu kutoka ndani, kwa Kikuyu safi. Ndila alikuwa amejifunza Kikuyu kwa mumewe, na hata siku moja hakukisema bila lafudhi yetu ya Kikamba. Sauti ile haikuwa na lafudhi yoyote.

"Nimekungoja sana. Panda."

Gari likazama kidogo upande wa nyuma. Springi zikalia, jinsi zinavyolia mtu mzima akipanda.

Hapo ndipo nilipomsikia Bedan. Alikuwa mbali chini, mtoni, akiniita nimpigie kelele ajue nilipo, maana amepotea kwenye mkonge.

Nilitaka kukimbia. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, halafu nikajilazimisha kwenda nyuma kwa sababu dada yangu alikuwa mle. Mlango ulikuwa umefungwa. Niliufungua. Ndila alikuwa peke yake, macho yamefumba, akipumua. Ubao wa sakafu kando ya godoro ulikuwa umelowa.

Bedan alifika akihema na debe lake limejaa. Akatazama rejeta iliyojaa pomoni, akanitazama mimi. Nilimwambia aendeshe tu.

Tulifika Thika na sindano haikutikisika. Ndila alizaa salama usiku huo, mtoto wa kike.

Kesho yake Bedan alimfuata yule aliyemuuzia gari, akambana mpaka akasema. Ndugu yake marehemu, mwenye gari, aliitwa Waweru. Mwaka wa hamsini na nne alikuwa akimpeleka mkewe Wangeci kujifungua, gari likachemka karibu na daraja, naye akateremka kuchota maji jioni ile. Hakurudi. Wengine walisema alikutana na askari wa doria, wengine walisema mto ulimchukua. Mkewe alikutwa asubuhi ndani ya kibanda cha nyuma cha gari. Alikuwa amekufa, na mtoto hakuzaliwa.

Baadaye nilifungua injini yote. Kwenye kichwa cha silinda nilikuta ufa mwembamba kama unywele, wa aina inayofunguka chuma kikipata moto na kufunga kikipoa. Nikakibadilisha kichwa kile, na watu wakiniuliza huwaambia hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya maji. Sisemi kwamba kabla sijaugusa ufa huo, tangu usiku ule Bedan alikuwa amekwenda na kurudi Ruiru mara kadhaa bila kuongeza hata tone.

Lakini kabla ya hayo ya injini, jioni ya siku ile ya pili, nilikwenda kumwona Ndila hospitalini. Nilimweleza yale ya Waweru, nikidhani atashtuka. Hakushtuka. Nikamuuliza kwa nini alijibu jina lisilo lake.

"Si mimi niliyejibu, kaka," alisema. "Alijibu yule mama aliyekuwa ameketi kando yangu tangu Ruiru. Alikuwa amenishika mkono. Nilidhani ni mkunga, kwamba amekubali kuja."

Wodi ilikuwa na akina mama wengi, na kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Nikainama karibu naye ili wasisikie.

"Na tulipofika hapa, walikwenda wapi?"

Ndila aliangalia mguuni pa kitanda, pahali ambapo mimi sikuona kitu. Akamvuta mtoto kifuani, akamfunika uso kwa shuka.

"Usiseme kwa sauti," alininong'oneza. "Tangu jana wanamtazama."