Mapumziko ya Bihogo

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Ernesta alikuwa ameshakamua. Alichuchumaa kando ya Bihogo, akaibana ndoo kwa magoti, maziwa yakachuruzika mpaka povu likafika ukingoni. Ng'ombe wa kienyeji wa Rungwe Mpya, pamoja na fahari yote ya pembe zao ndefu, walitoa kibuyu kidogo tu na wakashukuriwa. Bihogo alijaza ndoo! Alikuwa chotara: mama wa hapa hapa Kasulu, baba dume la kizungu. Ugumu wa kuvumilia jua na kupe ulitoka kwa mama, na wingi wa maziwa, ingawa dume halikamuliwi, ulitoka kwenye ukoo wa baba. Watu walikuja kutoka Munanila kumtazama tu, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Baba yake Ernesta, Mzee Bazilio, hakuwa mchoyo wa neema hiyo. Ndama wa kwanza wa Bihogo alikuwa dume. Sasa Bihogo alikuwa na mimba ya pili, na Mzee Bazilio alikwisha kumgabira jirani yake, mjane Theodosia, ndama huyo akiwa jike. Kwa Waha, kumgabira mtu ng'ombe si kumuuzia. Ni kumpa mnyama na undugu pamoja. Tangu siku hiyo Theodosia alileta mzigo wa majani mabichi kila mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Mama yule alikuwa mchapakazi kwelikweli.

Siku moja Bwana Mifugo Abdalah, mwenyeji wa Tanga, alifika kwa baiskeli yake akampapasa Bihogo tumbo.

"Mzee Bazilio, mimba imekua. Acheni kumkamua mpaka azae."

"Mbona ng'ombe wetu hukauka maziwa wenyewe?"

"Hao ndiyo. Huyu hajui kukataa. Ukimkamua atatoa tu, hata kwa kumnyima aliye tumboni."

Mzee Bazilio aliitikia, akampa Ernesta agizo hilo. Lakini kesho yake Ernesta aliona kiwele kimejaa, akamhurumia Bihogo. Tangu utoto alikuwa ameambiwa kwamba maziwa hayaachwi kwenye kiwele. Tena, tuseme kweli, palikuwa na jambo jingine: wenzake shuleni walikwisha kuzoea kibuyu cha maziwa alichowapelekea, na walimwita Mama Maziwa. Sifa ni tamu. Basi mchana, aliporudi kula na baba akiwa kwenye shamba la kijiji, alikamua kidogo. Siku iliyofuata akakamua tena, na ikawa desturi.

Bwana Abdalah aliporudi, uso wake ulibadilika. Mifupa ya nyonga ya Bihogo ilikuwa imechomoza. Aliminya chuchu, maziwa yakaruka.

"Huyu anakamuliwa," alisema. "Mkiendelea, ndama atazaliwa dhaifu, au afe kabisa."

Mzee Bazilio alimgeukia Theodosia, ambaye ndiyo kwanza anatua mzigo wake wa majani.

"Mchana hakuna mwingine anayeingia zizini ila wewe."

"Mimi, Mzee Bazilio? Nimwibie maziwa ndama wangu mwenyewe?"

"Njaa haina akili. Nilikugabira, sasa basi. Nenda zako."

Theodosia aliokota mundu wake, akaanza kuondoka. Ernesta alimtazama mgongo. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Baba!" aliita kwa sauti ya kutetemeka. "Ni mimi. Nilikuwa nakamua, napeleka shuleni."

Aibu ilimjaa Mzee Bazilio. Alivua kofia, akamfuata Theodosia njiani.

"Nisamehe. Nimekuhukumu bila kuuliza. Ndama ni wako vilevile."

Bwana Abdalah hakupiga kelele. "Ernesta, mnyama mkarimu si kisima," alisema. "Mtaka yote hukosa yote. Ukitaka maziwa ya kesho, mpumzishe leo."

Tangu siku hiyo Ernesta hakugusa kiwele. Alikata majani pamoja na Theodosia, akamletea Bihogo pumba na maji safi, na nyonga zile zikaanza kufunikwa na nyama. Bihogo alizaa ndama jike, mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Miguu ilimtetemeka, lakini alisimama, akanyonya dang'a, maziwa yale mazito ya kwanza, na kijiji kizima kikafurahi.

Ndama alipoachishwa kunyonya, Theodosia alikuja na kamba.

"Nitahitaji wa kunisaidia kumlea," alisema. "Nipe Ernesta."

"Huyu?" Mzee Bazilio alishangaa. "Baada ya yale yote?"

"Ndiyo, huyu huyu. Maziwa aliyachukua kwa ujinga na kupenda sifa. Lakini ukweli aliusema huku anatetemeka, na hakuna aliyemlazimisha. Mtu wa namna hiyo naweza kumwachia ng'ombe wangu nikalala usingizi."

Akamkabidhi Ernesta kamba.