Mgeni wa Ndani ya Spika

Hebu jaribu kuiona sebule moja ndogo ya Mbwawa, Kibaha, mchana wa mvua. Makochi yamesukumwa ukutani. Katikati, juu ya mkeka, kuna kompyuta ya zamani iliyofunguliwa ubavuni, plastiki yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwanamume amepiga magoti mbele yake, bisibisi ameing'ata mdomoni. Karibu naye amekaa binti wa miaka saba, mikono mapajani, anazungumza bila kupumzika.

Mwanamume huyo ni Magembe, fundi wa kompyuta. Binti ni Zawadi, mtoto wake wa pekee, na kuzungumza ndiyo ilikuwa kazi yake. Alizungumza akila, akioga, hata akipiga mswaki. Mama yake, Loyce, alipenda kutania kwamba mtoto huyu hata usingizini anatoa taarifa ya habari.

"Baba, huyu mtu wa kwenye gemu ataongea?"

"Ataongea."

"Atapiga kelele akianguka shimoni?"

"Atapiga."

"Kama mimi?"

"Kama wewe hawezi. Wewe utamshinda."

Magembe alikulia Bariadi. Utotoni, padri mmoja aliwaruhusu watoto wa parokia kucheza magemu kwenye kompyuta ya ofisini, ila kompyuta ile haikuwa na sauti. Mtu mdogo wa kwenye kioo aliruka, akaanguka, akafa, yote kimya kimya. Miaka mingi baadaye Magembe alikuwa bado anataka kusikia mtu yule analia vipi. Akaitafuta kompyuta kama ile, akaipata. Akatafuta kadi ya sauti, kile kibao chenye upana wa kiganja kinachochomekwa ndani ili kompyuta iweze kutoa muziki, nayo ikamsumbua sana kuipata.

Mwishowe aliipata kwa Badru, kijana anayeuza vifaa vya simu Kisarawe mjini. Badru alimpa kadi pamoja na spika moja kubwa ya mbao.

"Vilikuwa kwa bimkubwa, Maneromango, vinakula vumbi tu," alisema Badru. "Chukua kaka, mzigo mkali huo."

Spika ilinukia udi. Magembe hakujali. Nyumba nyingi za huko hufukiza udi.

Kompyuta za zamani zina ukaidi wake. Kila kifaa hupewa namba yake, na vifaa viwili vikipewa namba moja, kimoja hunyamaza. Magembe alijaribu namba ya kwanza. Kioo kikamuuliza kama amesikia sauti. Akajibu hapana. Akajaribu nyingine, akajibu hapana tena. Kisha akainama nyuma ya kompyuta kukaza waya wa spika, kichwa chake kikiwa karibu na sakafu, na hapo akasikia:

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya bibi mzee, ya upole, ya mtu aliyetembea mbali. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Magembe alilelewa katika nyumba ambayo mgeni haachwi nje, hata kama hajulikani.

"Karibu! Karibu sana mama, pita ndani, mvua hiyo!"

Akajifuta mikono, akaenda kufungua mlango. Hapakuwa na mtu. Sakafu ya baraza ilikuwa kavu, bila hata unyayo mmoja wa tope.

Nyuma yake Zawadi alisema taratibu, "Baba, ameshaingia."

"Nani?"

Mtoto akaonyesha spika kwa kidole.

Magembe akacheka. Alidhani ni sauti ya zamani iliyobaki mahali fulani ndani ya kile kibao. Kioo bado kilikuwa kinamuuliza kama amesikia sauti. Safari hii akajibu ndiyo, na muziki ukajaa sebule nzima. Zawadi aliruka juu ya kochi kwa furaha, wakacheza mpaka Loyce alipowaita kula. Mtu mdogo alikimbia, na nyayo zake zilisikika vizuri, ta-ta-ta-ta. Ila kila aliposimama, nyayo nyingine zilikuwa bado zinakuja nyuma yake, za polepole, kama za mtu anayeburuta kandambili.

Kesho yake Zawadi aliamka sauti imekauka. Loyce akamchemshia tangawizi. Kesho iliyofuata alikuwa ananong'ona. Kisha ikawa midomo tu inacheza, na macho yake yanawatazama kwa mshangao, kama mtu anayeongea na viziwi. Daktari alimulika koo, akalisifu kwamba ni koo zuri, halina uvimbe wala kidonda.

Siku ile waliyotoka kwa daktari, Magembe aliiwasha kompyuta ili mtoto apate kuchangamka. Mtu mdogo akaanguka shimoni. Kilio kilichotoka kwenye spika kilikuwa cha Zawadi.

Magembe akachomoa waya. Akachomoa na kadi yenyewe, akaiweka juu ya kabati. Hakumwambia mkewe.

Jioni hiyo umeme ulikatika. Loyce alikuwa chumbani, amekaa kitandani na Zawadi mapajani, anamsuka nywele kwa mwanga mdogo wa dirishani, na harufu ya udi ilikuwa imeanza kupita chini ya mlango, kwanza kidogo, kama inayotoka kwa jirani, kisha nzito, yenye unyevu, kama nguo iliyofukizwa ikakunjwa ikiwa bado mbichi, na Loyce alipokuwa anajiuliza ni nani anayefukiza saa hizi, akasikia kutoka sebuleni, palipokuwa giza na pasipo mtu, sauti ya mwanawe, ile ile ya kila siku, yenye deko na haraka, ikimwita: "Mama."

Akaacha kusuka. Zawadi alikuwa mapajani mwake, mdomo umefungwa.

"Mama, njoo. Mama, mbona huitiki?"

Mtoto aligeuza uso, akamtazama mama yake, machozi yanamtoka. Alikuwa ameisikia na yeye.

Magembe alikuja mbio kutoka jikoni. Loyce alimshika mkono kwa nguvu.

"Baba Zawadi," alinong'ona, "umeacha nini kimewaka kule?"

"Hakuna kitu. Umeme hakuna."

"Basi nani ananiita?"

"Usiitike," alisema Magembe. "Nakuomba, mama Zawadi, usiitike."

Alipiga simu kwa Badru palepale, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Badru alianza na utani wake, lakini aliposikia habari ya hodi, akauacha.

"Kaka, usiitupe hiyo spika," alisema, sauti imeshuka. "Wala usiichome. Ilete kwa mama."

"Mama yako anaijua?"

"Mama hajui kama niliiuza."

Walifika Maneromango kesho yake, jua limeshapanda, gari la jirani limejaa tope mpaka madirishani. Bi Kidawa, mama yake Badru, alikuwa mganga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inizwa shingoni kwa uzi. Badru alikuwa ameshafika. Alisimama pembeni anatazama viatu vyake.

"Shikamoo, mama," alisema Magembe.

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye spika. "Badru! Umeuza kiti cha mtu. Ungeniuza na mimi basi, nina kilo nyingi."

Aliwakalisha, akaeleza. Zamani alikuwa na wapiga ngoma wa kupunga majini. Mmoja akafa, wengine wakahamia Dar kuendesha bodaboda. Akaona asiache kazi. Alikuwa na ngoma zao alizozirekodi kabla hawajaondoka, akanunua kompyuta kuukuu, akawa anazipigisha humo.

"Na majini yanakuja kwa ngoma ya kompyuta?" aliuliza Loyce.

"Yanakuja kwa ngoma. Ya kompyuta au ya ng'ombe, hayana maringo. Huyu ni wa siku nyingi. Akifika hubisha hodi, hana utovu wa adabu. Lakini mimi simkaribishi. Kwanza namuuliza: nani wewe, watoka wapi, wataka nini? Akishajieleza ndipo nampa kiti, na kiti chake ni hiyo spika. Wewe, baba, ulimuuliza?"

Magembe akainamisha kichwa. "Nilimwambia karibu."

"Bila kumuuliza?"

"Mvua ilikuwa inanyesha."

Bi Kidawa alimtazama bila hasira. "Basi alijichagulia kiti mwenyewe," alisema, na mkono wake ukaigusa shingo ya Zawadi, polepole, kama anayepima mkufu.

Magembe alielewa haraka kuliko alivyotaka. Vifaa viwili, namba moja. Kimoja hunyamaza.

"Usimfukuze," aliendelea Bi Kidawa. "Ulimpokea kama mgeni, utamtoa kama mgeni. Muulize jina, kisha msindikize. Mwenye nyumba ni wewe, mimi siwezi kukufanyia. Asipotoka leo, sauti ya mtoto huyu ataizoea, na mtu hahami mahali alipokwisha kupazoea."

Magembe akaichomeka kadi aliyokuja nayo kwenye kompyuta kuukuu ya Bi Kidawa. Vidole vyake, vilivyofanya kazi hiyo mara nyingi, vilikosea tundu la waya. Chetezo kikatiwa ubani. Ngoma zikaanza, ndogo na za mbali, huku nje kuku wanachakura na jua linawaka kama kawaida. Kisha ngoma zikanyamaza katikati ya pigo.

"Nani wewe?" aliuliza Magembe.

"Mimi Zawadi," spika ilijibu.

"Hilo ni jina la mwanangu. Taja lako."

"Baba, ni mimi. Baba, huku giza. Nitoe, baba."

Loyce alifumba macho, akambana mtoto kifuani, na Magembe akaisogelea spika, kwa sababu ile ilikuwa sauti iliyomwamsha kila asubuhi, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe, na sasa ilikuwa inalia na kumwomba, inataja jina la mdoli wake, inataja wimbo wa shule, inamuuliza amekosa nini, na yeye baba yake alitakiwa asimame pale na kuikana.

"Taja lako," alisema, akilia.

Kilio kikakatika. Kisha sauti ya bibi mzee ikataja jina. Magembe hajalitamka mpaka leo.

Aliibeba spika kifuani, waya wake unaburutika mavumbini. Akavuka uwanja hadi kwenye kibanda cha Bi Kidawa kilichokuwa mpakani mwa shamba, wote wakifuata nyuma, Bi Kidawa na chetezo mkononi. Kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia, kana kwamba amembeba mtu mzima. Akaiweka juu ya kigoda.

"Tumekusindikiza," alisema, kama alivyofundishwa. "Hapa ndipo kwako. Kwaheri."

"Ahsanteni," ilisema spika, waya wake haujachomekwa popote, kwa upole ule ule wa siku ya mvua. "Mmenitunza vizuri. Haya, kwaherini."

Zawadi akakohoa. Akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu. Loyce alimgeuza uso, akaona rangi imerudi, midomo inafunguka, na kweli sauti ikatoka, safi, nyembamba, ya kwake mwenyewe, sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, anayejua mgeni huagwa namna gani:

"Karibu tena, bibi."

Wote walichelewa kumziba mdomo. Chetezo kilimponyoka Bi Kidawa mkononi.

"Nitakuja, mjukuu wangu," ilijibu sauti. Haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma yao, kutoka kwenye njia ya kurudi Kibaha.

Nawe uliyesikiliza mpaka hapa, endelea kumfundisha mtoto wako kuwakirimu wageni, ni jambo jema sana. Ila nakuomba ukumbuke kumfundisha na hili moja: kabla ya kumwambia mtu karibu, aulize kwanza ni nani.