Tangazo la Lifti

Walikutana kwenye foleni ya lifti, asubuhi watu wamebanana. Mshonaji wa ghorofa ya tano, gauni la njano, tepu ya kupimia shingoni, alimkuta fundi wa lifti kachuchumaa na bisibisi.

"Fundi, mbona lifti yako ina maringo kuliko bibi harusi?"

"Imekuona dada, ikababaika!"

Foleni nzima ikacheka. Wiki haikuisha, jengo zima likajua nani anakula mchana na nani.

Siku ya balaa, fundi alikuwa mbioni kumwahi mshonaji, sasa mpenzi wake. Akabandika tangazo, sentensi moja ndefu kama treni: wapangaji wanajulishwa kwamba lifti imefanyiwa matengenezo na ni salama kwa matumizi ya watu wote, kuanzia saa kumi jioni. Shangazi wa mshonaji, aliyemlea binti huyo tangu utotoni, aliishia kwenye "salama". Akaingia saa saba mchana. Lifti ikakwama nusu ya ghorofa. Katika kushuka akaanguka, mguu ukavunjika.

Lawama akabebeshwa mlinzi wa mlangoni, eti aliwaachia watu wapande kabla ya saa. Fundi akanyamaza, akiogopa kumpoteza mtoto wa watu. Siku tatu hakupokea simu. Mshonaji akaamini amepata mwingine.

Ya nne ukaja ujumbe: "Mpenzi, kuna makosa yalifanyika. Tangazo liliandikwa vibaya."

Mshonaji akampigia papo hapo. "Liliandikwa na nani? Lilijiandika?"

Fundi akaanza kujitetea, mshonaji akamkatiza.

"Mimi nadhani una mwanamke mwingine, kumbe unajificha! Mlinzi anafukuzwa kesho, baba wa watoto wanne. Niandikie upya. Mwenye kosa akae mwanzo, nimwone."

Fundi aliandika, akafuta, akaandika.

"Mimi ndiye niliyeandika tangazo. Nilikuwa na haraka. Nimemvunja shangazi mguu. Mlinzi hana kosa. Meneja nimemtumia maneno haya haya."

Jioni alisimama mlangoni kwa shangazi, hana kazi tena, kofia mkononi.

"Shangazi, nisamehe. Ni mimi."

"Nimesikia," alisema shangazi, mguu juu ya mto. "Mlinzi kanipigia, analia kwa furaha. Wewe hukuweza kuyasema siku ya kwanza?"

"Niliogopa."

Mshonaji, aliyekuwa kando ya shangazi, hakumtazama. Alivuta kiti kwa mguu, kikakwaruza sakafu.

"Kaa. Sijakusamehe. Lakini kaa."