Jioni ya Tatu ya Vidole

Wanasema uongo una miguu mifupi. Mh! Upo uongo mwingine unautoa nyumbani peke yake, ukakurudia na wageni. Basi tegeni masikio, niwape ya yule fundi cherehani tuliyemwita Sindano.

Jioni hiyo Sindano alitoka kwenda dukani kutafuta zipu ya kijani. Gauni lilitakiwa asubuhi, na mwenye gauni ni yule mama wa kupimwa mara tatu na kulalamika mara saba. Zipu aliipata. Akawa anarudi taratibu, zipu mkono huu, simu mkono huu. Yeye na simu walikuwa chanda na pete.

Tangu afiwe na mumewe, Sindano alikuwa kwenye kundi moja la simuni, Tua Mzigo. Humo watu hawajuani sura. Unaandika kilichokukaa kooni: umefiwa, umeachwa, bomba limekauka, mkanda wa cherehani umekatika. Kabla hujameza mate, pole zinamiminika. Alfajiri, adhuhuri, saa yoyote.

Ting. Ting. Ting.

"Dada, hivi hao wenzako hawaendi sokoni?" mdogo wake alimwuliza siku moja. "Hawaogi? Hata mmoja hajawahi kusema ngoja nikaepue sufuria?"

Huyo mdogo mtu alikuwa msusi, ana saluni ya chumba kimoja mtaa wa pili. Alikuwa na mkono mwepesi hata watu wakamwita Vidole. Mdomo nao ulikuwa mwepesi vilevile, haukuwa na breki.

Sasa, kundi lile lilikuwa na desturi yake. Ukifiwa, unaandika jina la marehemu. Kisha jioni tatu mfululizo, jua likizama, kila mmoja huliandika jina lile mara moja. Jioni ya tatu mkuu wa kundi, waliyemwita Mlezi, huandika neno moja: "Amelala." Basi. Halitajwi tena.

Juzi yake Sindano alikuwa amewaeleza habari ya mkanda wa cherehani. Akapata pole nne. Nne! Na siku hiyohiyo mwingine aliyefiwa na mama alimwagiwa pole mpaka simu ikapata joto. Wivu ukampanda fundi wa watu. Kumwonea mtu wivu wa msiba, jamani, mliona wapi? Juu ya hayo, mchana wake Vidole alikuwa amemcheka mbele ya wateja: "Dada yangu analilia simuni tu. Kaburi la shemeji limeota magugu mpaka kiunoni!"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Akaandika: "Leo nimempoteza mdogo wangu. Vidole."

Pole zikafurika. Usiku ule Sindano alilala kama mtoto aliyeshiba maziwa.

Haya, turudi njiani. Jua limekaa juu ya mabati, zipu iko mkononi, simu ikalia. Ni Vidole.

"Dada..." Sauti ilikuwa ya mbali, kama ya mtu aliyeingiza kichwa mtungini. "Nimewakosea nini watu wa mtaa huu?"

"Kwani vipi?"

"Tangu juzi nasalimia, hawaitikii. Nikasema ni fitina, itapita. Leo nimemkalisha mteja, nimemsuka nimefika utosini... akainuka. Akamwuliza jirani, 'Hivi msusi wa hapa alihama lini?'"

Sindano akasimama katikati ya njia.

"Dada, mikono yangu ilikuwa kichwani mwake."

Sindano akahesabu. Juzi. Jana. Leo.

Jioni ya tatu.

Alikimbia, zipu bado mkononi. Pale saluni mlango ulikuwa wazi. Ndani palinuka mafuta ya nywele, na chini ya mafuta kulikuwa na harufu nyingine... ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mshumaa wenyewe haukuwepo.

Vidole alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono imelala juu ya kitambaa cha maua. Sindano akaitazama ile mikono.

Akayaona maua. Yote, moja moja, kupitia mikononi.

Pengine alimwona kwa kuwa yeye ndiye aliyemwandika. Mimi sijui, nasema nilivyoambiwa.

"Nisamehe, mdogo wangu," akanong'ona. "Nilikuandika kundini. Niliwaambia umekufa."

Vidole akamkodolea macho. Halafu, mdomo ni mdomo, akasema, "Yaani umeniua kwa kidole gumba?"

Hakuna aliyecheka.

Sindano akaandika: "Nilidanganya. Mdogo wangu yu hai. Futeni jina."

Ting. "Pole, dada. Uchungu ni mgumu kuukubali."

Ting. "Pole. Hata mimi niliomba hivyo."

Ting. "Hata mimi."

Nje, ukingo wa jua ukagusa mabati. Kundini yakaanza.

"Vidole."

"Vidole."

"Vidole."

Kila jina lilipoingia, kiti kilizidi kuonekana. Mgongo wake. Mto wake. Msumari uliochomoza pembeni.

"Dada, nasikia baridi..."

Sindano akamwandikia Mlezi faraghani: "Nakuomba. Nifanye nini?" Jibu lilikuja papo hapo, kana kwamba lilikuwa limeandikwa zamani, linangoja.

"Jina halifutwi. Hubadilishwa. Kabla jua halijazama."

Akamkumbuka mama wa gauni. Msijifanye watakatifu, na nyinyi mngemkumbuka. Aliandika hata herufi mbili za jina lake. Akainua macho. Kwenye kiti hapakuwa na mtu tena, ila jozi ya macho iliyomtazama kama ilivyomtazama utotoni, alipokuwa akimfunga kamba za viatu.

Akafuta zile herufi mbili.

Akaandika: "Sindano."

Ting.

"Amelala."

Vidole alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Damu ikarudi usoni, mikono ikawa mikono. Mlangoni akachungulia yule mteja mwenye kichwa nusu. "We msusi! Umeniacha hivi, ulikuwa wapi?"

Vidole akacheka na kulia pamoja. Akageuka. "Dada, umesikia..."

Hapakuwa na mtu. Sakafuni ilikuwepo zipu ya kijani.

"Dada?"

Begani alihisi uzito, kama wa kiganja. Uzito ukakaa. Kisha ukawa mwepesi... ukaisha.

Walimtafuta wiki tatu. Mama wa gauni, nasikitika kusema, alilitafuta gauni. Cherehani ipo mahali pake, mkanda bado umekatika, na jioni jirani wanaapa inasikika ikishona.

Vidole siku hizi haongei sana. Nani atamwamini? Ukimweleza mtu, anakutazama kando. Jana, jua likielekea mabatini, simu yake ililia. Ujumbe ulitoka namba ya dada yake.

"Mdogo wangu, ulisema kweli. Huku hatuendi sokoni. Wakikuita, usi"

Uliishia hapo.

Ukafuata mwingine, wa namba asiyoijua.

"Pole sana. Karibu Tua Mzigo. Andika jina la uliyempoteza."

Hajajibu. Lakini simu ameiweka karibu na mto, na mzigo, wanangu, haujatuliwa.