Ndege Mweupe wa Bi Tahiya

Wenzangu, haya niwasimuliayo yametokea hapahapa mjini, Mkunazini, kwenye nyumba ambayo asubuhi ungeisikia kabla hujaiona.

Uwani mwa nyumba hiyo palikuwa na tundu kubwa la waya, na ndani yake kasuku wadogo, wale wasiozidi kiganja, wa kijani, wa buluu na wa manjano. Siku nzima wakigombana na kupatana kama wanawake wa jikoni kwenye harusi. Mwenyewe ni Bi Bahiya. Watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa, wakahamia mbali, basi nyumba wakabaki yeye na mumewe, Bwana Hamoud, na ndege.

Na alijua kufuga. Akishasali alfajiri, humwaga maji ya jana akatia mapya. Kibakuli cha mtama hukipuliza, maana ndege hula kiini akaacha makapi juu, ukatazama ukasema chakula kipo, kumbe ndege ana njaa. Mchicha huuosha. Mfupa wa ngisi huutundika wanoe midomo. Bwana Hamoud naye, kazi yake ilikuwa kunywa kahawa kando ya tundu, mlango wazi, ndege wakitua kwenye kofia yake na kumdonoa masikio.

Bi Bahiya alikuwa na sheria moja. Ndege mgeni hachanganywi na wenyeji. Hukaa peke yake chumba cha juu, mwezi na zaidi, mpaka ajulikane kuwa mzima. Mwenyewe akiita eda.

Siku moja akaja shoga yake, Bi Tahiya wa Mwanakwerekwe. Hawa wamesoma skuli moja, wameazimana nguo, wamezikiana wazee. Bi Tahiya anaishi kwa kuuza sambusa na kachori, na yeye pia alikuwa mfugaji. Alishika kitundu kidogo kilichofunikwa kanga.

"Mkono mtupu haulambwi, shoga. Nimekuletea mwari."

Alikuwa ndege mweupe, kifua cha buluu, mzuri wa kutazama.

"Na wenzake?" Bi Bahiya akauliza.

"Nimewagawa. Biashara imenizidi, sina tena wakati."

Bi Bahiya akakichukua kitundu, akashika ngazi.

"Unampeleka wapi?"

"Juu. Kila mgeni hapa hukaa eda kwanza."

"Eda? Kwani kafiwa na mume?" Wakacheka wote wawili, lakini Bi Tahiya aliacha kucheka mapema. "Mimi nakuletea zawadi, wewe wanipekua kama askari wa forodha. Sema tu nyumba yangu chafu, nijue."

Bi Bahiya akaona haya. Mtu aliyemzikia mama yake, amfanyie hivyo?

"Basi nambie kweli. Mzima huyu?"

"Wallahi, mzima kuliko mimi na wewe."

Akashuka ngazi, akafungua tundu kubwa, akamtia.

Haikupita wiki, yule mweupe akawa anakaa pembeni, kajitutumua manyoya kama mwenye baridi, mkia ukipanda na kushuka kila akivuta pumzi. Choo chake kikawa cha kijani na maji. Akafa. Kisha mwengine, na mwengine. Bi Bahiya akampigia shoga yake simu.

"Itakuwa mchicha," Bi Tahiya akamwambia. "Mchicha wa siku hizi una dawa za wadudu, mwenzangu. Umewapa sumu bila kujua."

Bi Bahiya alikaa chini uwani akalia. Aliamini kuwa ni yeye aliyewaua.

Halafu Bwana Hamoud akashikwa na homa. Kichwa kikimpasuka, kikohozi kikavu, anasema maneno yasiyo na mwanzo. Akalazwa. Daktari, binti mpole, akauliza, "Nyumbani mna ndege au mifugo?"

"Tuna ndege," akajibu Bi Bahiya. "Wengine wamekufa, lakini hao walikula mchicha wenye sumu. Hawakuwa na maradhi."

Daktari akaliacha hilo. Kwa nini asiliache? Kaambiwa na mwenye ndege. Tazameni uongo unavyotembea, ndugu zangu: umetoka kinywani mwa mmoja, mwengine akaubeba kwa nia njema mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Bwana Hamoud akatibiwa homa ya mapafu ya kawaida, na kila siku hali ikazidi, mpaka akawekewa mpira wa hewa puani.

Akaja Nassra, binti wa Bi Tahiya, na chupa ya uji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nassra akamtazama mgonjwa. "Masikini, kama mama yangu vile. Kwani hawajampa ile dawa aliyopewa yeye?"

"Dawa gani?"

"Ya homa ya kasuku, ile watu waambukizwayo na ndege. Si alilazwa, kabla ya Ramadhani? Ndege wote walikufa, akabaki yule mweupe tu." Akaona uso wa Bi Bahiya, akashusha sauti. "Alitukataza kusema, ati watu wataacha kununua sambusa. Lakini nilijua kwako kasema. Wewe ni wewe."

Bi Bahiya akainuka. Akamtafuta daktari, akamweleza yote. Dawa ikabadilishwa siku ileile. Homa ikaanza kushuka, na Mungu akamrudisha Bwana Hamoud nyumbani. Lakini pumzi haikurudi yote. Mpaka leo ngazi zake mwenyewe huzipanda kwa vituo. Ndege waliosalimika ni wachache, wakatibiwa na daktari wa mifugo.

Bi Tahiya akaja kuomba radhi.

"Niliona haya, shoga. Nilidhani yule kapona. Kumuua sikuweza, na kwangu sikumtaka tena."

"Ukamleta kwangu."

"Nisamehe."

"Nshakusamehe. Lakini nilikupigia simu, Tahiya. Ndege wangu wanakufa, nakuuliza wewe, na wewe unajua. Ukanambia mchicha. Nililia kwa mchicha."

Bi Tahiya akainamisha kichwa. Bi Bahiya akaingia jikoni, akatoka na kahawa kwenye sinia, na kile kikombe cha maua kinachotolewa kwa wageni. Miaka yote Bi Tahiya alikuwa akijimiminia mwenyewe, jikoni, kwa kikombe chochote. Akakitazama, akakipokea kwa mikono miwili kama mtu wa mbali, na akajua.

MAFUNZO

Maradhi si aibu, hayachagui nyumba safi wala chafu. Aibu ni kuyajua na kumtilia mwenzako nyumbani mwake. Mfugaji, mtenge ndege mgeni hata akiletwa na mama yako, loanisha uchafu wa tundu kabla ya kufagia, vumbi lake lisiruke ukalivuta, na ufunike pua, na ukiugua mwambie daktari habari za ndege wako zote. Na rafiki akikununia kwa sababu umejikinga, mwache anune, kununa hupoa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: kabla hakijamfika yeye, hicho kifo huweza kupiga hodi kwa yule aliyemwamini.