Muhuri Wangu, Kaburi la Mama

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Nilizaliwa Tezo katika nyumba ya udongo, na leo naandika haya nikiwa ndani ya nyumba ya mawe niliyoijenga mwenyewe. Sikuachiwa urithi na mtu. Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, ili mkifika mwisho msiniite mwanamke mwenye roho mbaya kabla ya kunijua.

Nilikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Wenzangu walirudi na mazulia na manukato... mimi nilirudi na stashahada! Siku zangu za mapumziko nilisoma udereva, kisha usalama wa barabarani, mpaka nikakabidhiwa basi la watoto wa shule. Watoto wa matajiri, mikononi mwangu mimi, Dama wa Tezo! Hakuna hata mmoja aliyepata mkwaruzo.

Niliporudi nilifungua shule ya udereva mjini Malindi. Mwanafunzi wangu hakupata cheti mpaka nimpitishe barabara kuu, kwenye malori na mvua. Watu walisema mimi ni mkali. Ndiyo, nilikuwa mkali! Lakini ukiuliza hoteli za Watamu dereva mzuri amefunzwa wapi, uliambiwa kwa Madam Dama.

Mume wangu, Safari, nilimkuta hana kazi. Nilimpenda, nikamfunza, nikampa ofisi na muhuri wa shule. Kampuni moja ya malori iliponiita Mariakani kuwafunza madereva wake, nilimwachia kila kitu. Si ni mume wangu? Nimwamini nani kama si yeye?

Kumbe nilikuwa nimempa kisu na shingo yangu mwenyewe!

Mdogo wangu, Kadzo, alipata mchumba Watamu. Siku ya harusi magari yetu yalipambwa kwa utepe, na mimi nikaendesha la bibi harusi. Mama alipanda la nyuma yangu pamoja na shangazi. Dereva wao alikuwa Nyale, binamu ya Safari, na Safari mwenyewe alikaa kando yake.

Nilimuuliza mume wangu kama Nyale anaiweza barabara ile. Akacheka, akanishika bega. "Mke wangu, kijana ana cheti cha shule yako! Wewe unajitilia shaka mwenyewe?"

Nilifurahi. Naam, nilifurahi kusikia hivyo.

Kwetu watu husema msafara wa harusi haukatwi. Gari geni likiingia katikati, ndoa nayo itakatika. Kwa hiyo madereva hubanana, taa zinawaka, honi zinalia, na anayeachwa nyuma huchekwa hadi kwenye sahani ya pilau. Mimi sikuuamini upuuzi huo. Tulipokuwa tukipita kando ya msitu wa Sokoke, lori la mawe lilitokea njia ya pembeni likaingia nyuma yangu. Nililiacha. Kuna ubaya gani? Wote tulikuwa tunakwenda Watamu, na Watamu haihami.

Kisha nikatazama kioo cha pembeni.

Niliona pua ya gari jeupe, lile la mama, ikichungulia kando ya lori. Ikatoka yote. Mbele kulikuwa na basi linakuja! Nikasema, rudi nyuma, rudi, rudi... Dereva aliyefunzwa angepunguza mwendo akarudi nyuma ya lori. Yule hakushika breki. Alivuta usukani kama anayekwepa mbuzi, gari likaingia msituni, likabingirika na kugonga mti.

Nilisimamisha gari, nikakimbia. Kadzo alinifuata na shela lake, akilia, "Dada, mama yuko wapi? Mama yuko wapi?"

Mama yetu alikuwa amekwisha kufa. Leso yake mpya ya harusi ndiyo tuliyomfunika nayo.

Shangazi alivunjika nyonga. Safari alitoka na kidole kilichoteguka. Kidole! Na neno lake la kwanza kwangu, mbele ya maiti ya mama, lilikuwa hili: "Ni wewe uliyekubali msafara ukatwe."

Baada ya mazishi nilikwenda hospitali kumwona Nyale. Alikuwa na bandeji kichwani, akaanza kulia kabla sijauliza kitu.

"Shemeji, nisamehe. Kaka Safari alikuwa akipiga kelele, 'Pita! Pita, tusichekwe!' Mama akasema, 'Mwanangu, nenda pole, harusi haiendi popote.' Nikapita..."

Nikamuuliza, kwani wakati wa mafunzo hakufundishwa jinsi ya kupita lori?

Alinitazama kwa mshangao. "Mafunzo gani, shemeji? Mimi barabara kuu sijawahi kufundishwa. Tulifundishwa ubaoni, kwa vile vigari vya kuchezea. Na kuzunguka uwanja. Kaka Safari alisema barabara tutaijulia huko huko."

Ubaoni! Ule ubao wenye barabara za rangi na vigari vidogo, ambao mimi niliutumia wiki ya kwanza tu kuonyesha nani ampishe nani! Nilipokuwa Mariakani, Safari aliwakaririsha wanafunzi majibu kama kasuku, akawagongea muhuri, akawatuma kwenye mtihani. Wangapi walipita hivyo? Wako wapi sasa? Wanamwendesha nani?

Nilirudi nyumbani nikamwambia nitamshtaki. Mnajua alifanya nini? Alicheka.

"Nishtaki, mke wangu. Muhuri ni wa nani? Shule ni ya nani? Ukinizamisha mimi, unazama na stashahada yako."

Hapo ndipo chuki ilipoingia moyoni mwangu, ikatandika mkeka ikakaa.

Wakaja wazee. Mjomba akaniambia, "Mwanangu Dama, ajali haina kinga. Tuyamalize nyumbani." Mavyaa, mama yake Safari, akaja akapiga magoti sebuleni mwangu, akasema mwanawe ni mmoja tu. Nikamjibu, "Na mama yangu mimi, mavyaa, walikuwa wangapi?" Akainuka akaondoka bila kuaga.

Nikaenda polisi. Nilisema yote, mbele ya waliokuwa wakiniita madam. Nilisema cheti cha Nyale ni cha uongo na kimetoka shuleni kwangu. Nilitaka kila aliyepitia mkononi mwa Safari atafutwe na afunzwe upya. Shule ilifungwa. Bango langu liliteremshwa mchana, watu wakitazama, wengine wakicheka... Nilisimama pale pale nikalitazama mpaka lilipofika chini.

Kesi ilichukua muda mrefu, na sikukosa hata siku moja. Nilikaa kiti cha mbele ili kila Safari akiinua macho anione. Nyale alihukumiwa kwa ajali, na Safari kwa vyeti vya uongo. Walipomtoa kizimbani, pingu mikononi, alinisogelea na kunong'ona, "Umefurahi? Tumekwisha sote wawili."

Nikamwambia, "Mimi nimewahi kuanza bila kitu. Wewe utaanza na nini?"

Askari wakamvuta mlangoni.

Je, nimemsamehe? Hapana. Msiniambie kisasi hakimrudishi maiti, hilo nalijua kuliko ninyi. Kadzo aliolewa baadaye kimyakimya, bila honi wala utepe, na alilia tangu asubuhi. Nani atamlipa siku yake?

Wasomaji, nawasihi. Usishike usukani kwa sababu una karatasi. Ushike kwa sababu umefunzwa. Dereva akikimbizwa na sifa, mwambie asimame ushuke, hata kama umevaa nguo ya harusi. Na wewe mwenye shule, usimwachie mtu muhuri wako kwa sababu tu mnalala kitanda kimoja. Nenda ukaone mwenyewe wanafunzi wako wanafunzwa nini.

Nawe unayegawa vyeti kwa wasiojua njia... popote ulipo, omba Mungu mama wa mtu asife kwa mkono wako. Maana atakuwa na binti. Na huyo binti atakuja kukaa kiti cha mbele.