Mtoto Asiyemjua

Jumamosi, tarehe tisa Juni. Manyunyu tangu alfajiri, na ubaridi wa kupenya mifupa.

Mhandisi alikuwa amesimama dirishani kwa mama yake, amevaa gauni la samawati, simu mkononi. Alimngoja muuguzi aliyekutana naye kwenye foleni ya lifti hospitalini, wakataniana hadi lifti mbili zikawaacha. Leo alikuwa aje kuposa. Mjomba alikwishamaliza chai yake, na kusema kwamba mwanamume asiyejali saa hatajali mke.

Simu ya muuguzi iliita tu, haikupokewa. Kazi ya mhandisi ilikuwa kuwaza mabaya: ndani ya kipande cha kompyuta kidogo kama ukucha, vichwa vingi vya hesabu hutumiana ujumbe kwa vijia vyembamba, naye hukokotoa ujumbe wa breki za gari utachelewa hadi wapi mambo yakienda kombo kabisa. Kwa mapenzi hakuwa na hesabu, ila dua. Ee Mungu, kama hanitaki, nijulishe tu.

Mjomba akachukua mwavuli. Hapo mlango ukagongwa.

Muuguzi aliingia akitiririka maji, shati jeupe limemganda mwilini. Akawaamkia wakubwa, akaeleza: wodini simu hufungiwa kabatini, na mwenzake wa kupokea zamu alichelewa, mwanawe ana homa.

"Umenuna, laazizi?"

"Nimenuna. Yaani mtoto nisiyemjua, ambaye hata wewe hukumwona, ndiye aliyekuchelewesha?"

"Ndiye."

Mhandisi akaduwaa. Alikuwa amehesabu ujumbe unaopita njia moja na ule wa breki, akausahau wa tatu, ulio kama mtoto huyo: haukutani na wa breki kamwe, lakini huuzuia ule unaouzuia wa breki.

"Nimekosea hesabu ya breki," alinong'ona. "Jumatatu nairudia yote."

"Huyu anaposwa au anafanya mtihani?" Mjomba aliuliza, na mwavuli ukarudi pembeni.

Mama alicheka. Mhandisi naye alicheka, machozi yakimlengalenga.

"Kuchelewa kupo, sikatai," alimwambia muuguzi. "Kinachoniua ni kutojua mwisho wake. Nipe mwisho wa kungoja."

Muuguzi akawageukia wakubwa.

"Mama, mjomba, muwe mashahidi wangu mbele ya Mungu. Kuchelewa nitachelewa. Lakini jua halitazama kabla neno langu halijamfikia, hata likiwa la kuomba radhi, hata nikilazimika kumtuma mtu kwa miguu."